Mtoto Aliyevuta Kamba ya Kerezo

Kama unataka kucheka, cheka sasa tumalizane, maana nikishaanza sitaki kicheko. Haya yalinipata mimi, hapa Bwera, mchana, nikiwa na akili zangu zote.

Nakereza vitu vya watoto vya mbao: pia za kuzungusha, magari, kuku wenye magurudumu. Rangi napika mwenyewe, njano ya bizari na nyekundu ya mbegu za mzingefuri, nachanganya na lakiri, ule utomvu mgumu. Kwenye kerezo mmoja huvuta kamba mti uzunguke, mwingine hushika patasi. Kwenye rangi kamba huvutwa mbio, mti upate moto uyeyushe lakiri. Kwenye kung'arisha kwa jani, huvutwa polepole. Mvutaji wangu alikuwa Masika, binti yangu wa pekee.

Tulikuwa tunakaa Kilembe. Mto Nyamwamba ulifurika ukamchukua. Tulimtafuta mpaka watu wakasema yatosha, tukazika nguo zake, tukahamia huku mpakani. Kamba nikaifunga kwenye kanyagio, nikawa nafanya kazi peke yangu.

Siku hiyo nilikuwa nakereza pia moja, mvua ilipiga mabati, kusikilizana ni shida. Akaingia mtoto wa kike, kitenge chepechepe kichwani, akajikunyata upande wa pili wa kerezo.

"Mama, nijifiche mvua."

"Kaa. Weye ni nani?"

"Niko Masika."

Moyo ulinipasuka. Lakini nani hapa hana Masika? Kwetu Wakonzo kila binti wa kwanza ni Masika, na kila mtoto humwita mwanamke yeyote mama. Nikaukemea moyo wangu, macho nikayarudisha kwenye kazi.

"Kwenu ni wapi?"

"Kule kwa muto."

Nikadhani ni mto wa hapa mpakani. "Mvua ikipunguka urudi. Mama yako atakutafuta."

"Alishaacha kunitafuta."

Nikacheka, jamani! "Mama gani huyo, asiyetafuta mutoto wake?"

 Nikaipaka ile pia rangi nyekundu, ikashika vizuri ajabu. Nikachukua jani, nikang'arisha. Ndipo nikaona mguu wangu hauko kwenye kanyagio. Niamini, kamba ilikuwa imevutwa mbio kwenye rangi, ikapunguzwa penye jani, nami sikusema neno. Nani mwingine alijua?

Nilipoinua macho, alipokaa palikuwa na maji tu. Majirani walinikuta barabarani, naita, sauti imekauka.

Ile pia ya siku hiyo siuzi. Mvua ikinyesha napanda gari mpaka Kasese, kisha Kilembe, natembea kando ya Nyamwamba nikiita. Baba yake anasema nimeharibikiwa. Labda.

Lakini wewe unayenisikiliza, mtoto akikuita mama, mtazame usoni kwanza. Na kama wako hajaonekana, usikubali kuambiwa yatosha. Mimi nilikubali. Mwanangu ndiye aliyenitafuta, akanipata, nami nikamwambia arudi kwa mama yake.