Vizibao vya Mradi

Mdogo wangu alikuwaga anauza vitumbua mlangoni kwake, Kiwalani, kwenye uchochoro ambao watu wawili wakikutana mmoja anageuka ubavu. Virusi tulikuwa navyo wote wawili. Mie najulikana, dawa nachukua mwenyewe Temeke. Yeye hakutaka ajue mtu, na sababu alikuwa nayo: nani atakula vitumbua vya mgonjwa? Kwamba haviambukizi kwa chakula, hilo waambieni wao. Sie tulishachoka kusema.

Miguu ilipomlegea akawa hawezi kufika kliniki. Hapo ndipo ulipotufaa mradi wa kuhudumia wagonjwa majumbani. Pesa zilikuwa za wafadhili, taasisi ya huko ng'ambo, na sitasema uongo, zilifika. Zilimlipa posho mama mmoja wa mtaa wa pili, mtu wa Newala, aliyekuwa anamletea dawa. Alikuja na kanga zake na kikapu: juu mchicha, chini dawa na sabuni. Anapiga hodi, anaingia, anamwogesha kwa maji ya moto huku wanataniana. Siku moja mteja akauliza mbona huyu mama haishi kuja. Mdogo wangu akamjibu, "Ananidai mume wake." Uchochoro ukacheka, ishu ikaishia hapo.

Halafu wafadhili wakaongeza fungu. Tulifurahi, wajinga sie. Akaletwa mratibu, kijana msomi, na gari, na vizibao vya rangi ya machungwa vilivyoandikwa mgongoni: Tunawajali Wanaoishi na Virusi. Herufi unazisoma ukiwa barabarani. Kila anayekwenda kwa mgonjwa avae. Yule mama wa Newala alimwambia mratibu kwamba wagonjwa wengine wamejificha. Akajibiwa kwamba wafadhili wanataka picha, na picha bila kizibao haionyeshi kazi.

Wakaja watatu wa mradi, mbele yao mjumbe wetu wa nyumba kumi, naye kavishwa kizibao na kakipenda, anawaonyesha njia kwa sauti. Wakasimama mbele ya jiko. Wateja walikuwepo. Mdogo wangu hakuinua uso.

"Mmepotea nyumba," alisema.

Mjumbe akasema, "Ah, sista, si tumeambiwa mgonjwa ni wewe?"

Kesho yake vitumbua vililala. Keshokutwa hakuchoma. Mama wa Newala alijaribu kurudi na kanga na kikapu chake. Mjumbe akamwona, akapeleka maneno, mratibu akamwondoa kazini kwa kutovaa sare. Nikawa namchukulia dawa mie. Anapokea, ananishukuru. Nilizikuta chini ya godoro siku ya kutandua kitanda.

Msibani walikuja. Na vizibao. Mratibu alitoa rambirambi mbele ya watu na mwenzake akapiga picha.

Nawataja: mratibu, mjumbe, na wale wateja waliokula vya mkono wake miaka yote halafu wakahamia kwa mwingine. Majina wanayajua wenyewe, na nikikutana nao nawaambia usoni. Wafadhili ndio sijui niwaweke wapi. Baadaye alikuja mgeni wao, mama mtu mzima, akakaa na sie wagonjwa kliniki, nikamsimulia. Kwa kupitia mkalimani akauliza nani aliagiza vizibao, maana wao walichotaka ni kujua tu dawa zinafika. Mratibu akawa anaangalia simu. Mama wa watu akatoa machozi. Mie sikumbembeleza. Angefika mara moja tu uchochoroni, akakaa kwenye kigoda, akala kitumbua, angeyajua hayo mtu akiwa hai.

Mama wa Newala siku hizi anauza mchicha, kikapu ni kilekile. Nikinunua fungu ananiongezea lingine. Jana aliinama kama anachambua majani, akaniuliza kwa ile sauti yake ya chini ya zamani, "Dawa unakunywa?"

Nikamwambia nakunywa.

"Na yeye angekunywa," akasema, akarudi kupanga mafungu yake.