Ukiganda, Usikate

Kompyuta ya Mama Taipu ilikuwa nzito kama jiwe la kusagia na mvivu kama paka aliyeshiba. Ukiibonyeza iwake, unaweza kwenda kuteka maji, ukafagia uwanja, ukabandika chai, ukarudi ukaikuta bado inajishauri kama iamke au iendelee kulala. Ofisi aliyoichapia barua ujana wake wote, hadi akabandikwa jina hilo la Taipu, ndiyo iliyompa siku anastaafu, pamoja na hotuba ndefu na makofi. Wenyewe walikuwa wanatafuta pa kuitupa. Alilijua hilo, akashukuru hivyo hivyo, akaibeba.

Kuchapa hakutaka tena. Alishachapa hadi vidole vikakataa. Aliitaka kwa jambo moja tu, nalo ni Jumapili alasiri. Hapo ndipo Kitinda, binti yake wa mwisho, na kusema kweli ndiye pekee aliyebaki duniani wa kumwita mama, alipokuwa akipiga simu ya video kutoka ng'ambo alikokuwa akiuguza wagonjwa. Simu ya Mama Taipu ilikuwa ya vitufe, ya kusemea tu, na macho yake yalishaanza kumsaliti. Kwenye skrini ile pana angalau angejua kama mtoto amekonda.

Angejua, lakini kwa taabu gani! Kitinda hajamaliza salamu, picha imeganda, mdomo wazi, jicho moja limefumba kama anayemkonyeza mtu. Mara nyingine mama ndiye aliyeganda kule kwa binti. Kuzima na kuwasha upya kuliwala nusu ya siku, kwa hiyo wakapatana: ukiona mwenzako ameganda, usikate. Ngoja. Basi Kitinda akawa anangoja. Anaegemeza simu yake ukutani, anamenya vitunguu, anakunja nguo, huku akiisemesha ile picha: "Mama, ukifunguka nitakusimulia bosi wetu alichonifanyia leo." Mama huku anasikia sauti ikikatikakatika, anajibu, hasikiki, anajibu tena. Maneno ya kujaza kiganja yalichukua alasiri nzima.

Na bado alilalamika, maana binadamu hatosheki. Alipochoka kabisa aliibeba kompyuta kwa toroli hadi kwa fundi, kwenye kibanda kilichopakana na kinyozi. Fundi alifungua mfuniko, akarudi nyuma akipiga chafya.

"Mama, humu umefuga nini? Vumbi hili unaweza kuoteshea mchicha!"

"Nimechoka kuzungumza na sanamu, fundi. Nataka kumwona mwanangu akicheka mwanzo hadi mwisho."

"Basi nunua mpya."

"Baba, ningekuwa na hela ya mpya ningekuja kwako?"

Fundi alicheka, lakini hakuwa mtu mbaya. Akamweleza kwamba mtandao hauna kosa. Diski ilikuwa ya zamani, ya kuzunguka, nayo imechoka. Atamwekea ya kisasa, hata ndogo itatosha. Kumbukumbu nayo ilikuwa finyu, ndiyo maana video inaikaba koo. Kadi za kumbukumbu angezing'oa kwenye kompyuta mfu iliyolala pembeni ya kibanda, amuuzie bei ya undugu. Skrini, kasha na kibodi vingebaki vilevile.

Bei ya undugu nayo ni bei. Mama Taipu alirudi nyumbani akazunguka chumba kwa chumba akitafuta cha kuuza, na kila alipomaliza kuzunguka alijikuta mahali pamoja, mbele ya kitanda cha Kitinda. Kilikuwa chumba kile kile cha kompyuta, nyuma ya kiti chake. Kila Jumamosi alikibadilisha shuka, na hakuna aliyekilalia. Majirani walikuwa wamekitolea macho miaka, naye akiwajibu, "Akija atalala wapi?" Kitinda alikuwa akisema atakuja mwakani. Mwakani hiyo ilishakuwa na ndevu.

Asubuhi nzima alikaa juu ya kitanda hicho. Kisha akamwita seremala, akakifungua, akakitoa kipande kwa kipande mlangoni. Ukutani palibaki alama nyeupe pale ubao wa kichwani ulipokuwa umeegemea. Mama Taipu akafagia pale kilipokuwa, akaokota kibanio cha nywele, akakifunga kwenye pindo la kitenge.

"Bora nimwone kuliko kumtandikia," akajisemea kwa sauti, ingawa hakukuwa na wa kumsikia.

Fundi alikuja mwenyewe kuiunganisha. Mama Taipu akabonyeza kitufe, na kwa mazoea akainuka kwenda kubandika chai.

"Unakwenda wapi, mama? Imeshaamka!"

Aligeuka, akaiona kweli imeamka. Alicheka hadi akashika mbavu.

Jumapili ikafika. Kitinda akatokea skrini nzima, safi, hata unywele mweupe juu ya sikio ukaonekana. Mama Taipu hakuwa amejua kwamba mtoto wake ameanza mvi.

"Mama! Leo ni kama uko hapa hapa!"

Goti linaendeleaje? Halijambo. Kazi? Inakwenda. Mvua? Imenyesha. Hakuna aliyesema "nini?", hakuna aliyeombwa arudie. Habari zilizokuwa zikiwachukua alasiri nzima ziliisha chai haijapoa. Wakatazamana. Kitinda akatazama saa.

"Basi mama, kwa vile leo tumesikizana vizuri, acha niwahi kulala kidogo kabla ya zamu. Tutaongea Jumapili."

"Haya, mwanangu."

Hata kukatika kulikuwa kwa kasi. Skrini ikawa nyeusi, akabaki anajiona mwenyewe. Haraka haraka haina baraka, na yeye ndiye aliyekuwa akiwafundisha watoto maneno hayo! Ameuza kitanda, amenunua kuagwa mapema. Na alasiri yote ilikuwa bado mbele yake.

Katikati ya wiki alikwenda kwa fundi kumwomba airudishe diski ya zamani. Alifika mlangoni akamsikia akimtambia mteja, "Muulize yule mama mtaa wa pili, ya kwake sasa inaruka!" Alimwonea haya, akarudi.

Jumapili ya pili mambo yakawa yaleyale. Goti, kazi, mvua. Kitinda akavuta pumzi. "Basi mama, acha niwahi..."

Mama Taipu akaganda.

Hakuwa amepanga. Mkono ulikuwa unakwenda kwenye kilemba, akauacha hapo hapo. Mdomo nusu wazi. Macho hayapepesi.

"Mama? Mama, unanisikia? Loo, imeganda tena! Mafundi hawa nao, wanakula hela za watu!"

Kitinda alikunja uso, lakini hakukata. Aliegemeza simu ukutani, akakaa ukingoni mwa kitanda chake. Mama Taipu alihisi upepo kwenye shingo, akajua dirisha la nyuma yake liko wazi na pazia linacheza. Akayaona macho ya binti yakilifuata pazia, huku na huku. Kitinda akaanza kutabasamu, akainua kidole kama anayetaka kusema, wee mama wee!

Kisha macho yakashuka kutoka kwenye pazia, yakasimama ukutani. Pale palipokuwa na alama nyeupe. Yakakaa hapo muda mrefu, na kidole kikashuka polepole.

"Kitanda changu," akasema, kwa sauti ya chini. Hakuuliza.

Mama Taipu hakupepesa. Macho yalianza kumchoma, akayaacha yachome.

Kitinda aliinuka, akatoka kwenye picha. Kwa muda ukabaki ukuta mtupu wa chumba cha ng'ambo, na Mama Taipu akadhani amelikoroga. Lakini binti alirudi amevua koti la kazi, ameshika sahani, kisu na vitunguu. Akakaa karibu kabisa na simu.

"Haya, mama. Ukiganda sikati," alisema. "Wewe ganda tu. Mimi nipo."

Akafuta macho kwa kiwiko, na kitunguu chenyewe alikuwa bado hajakikata.