Kijiko Kimoja

Wanaonijua kule Laeken wanajua kwamba nikisema mvua ilinyesha, basi Brussels nzima ilielea. Ndivyo nilivyo. Cheti cha bustani nilikipata kwa masomo ya jioni, miaka mitatu nikisinzia juu ya majina ya Kilatini, na siku ya kukipokea nilipiga vigelegele hadi tramu ikasimama. Kwa cheti hicho nikapata kazi kwenye nyumba ya vioo ya mimea huko Auderghem, karibu na msitu.

Humo mlikuwa na mgunga mfupi, wa kufika kiunoni. Chef, yaani mkuu wetu wa kazi, mzee wa Kibelgiji, aliniambia mgunga huo kwao ni mlima mmoja tu Australia. Ukivuka bonde huupati tena. Aliuotesha mwenyewe kwa mbegu, akasubiri maua miaka tisa. Mwaka ule ulikuwa umetoa vitumba vya maua vya kwanza, vidogo kama punje za mtama.

"Maji kidogo, basi," akasema. "Kwao ni mawe matupu. Mbolea itauua."

Nyumbani nikamsimulia mke wangu. Akaweka mwiko chini.

"Eh! Mugeni alitoka mbali vile, na munamunyima chakula?"

"Bon, chef ndiye amekataza."

"Chef wako si ni wale wa kumupa mugeni kahawa na biskuti moja? Atajua nini kukaribisha muntu?"

Tulicheka, lakini neno likaniingia. Kila Ijumaa, chef akienda kula, niliumiminia mgunga mbolea ya nyanya, kopo zima. Ijumaa sita. Tena nikiusemesha: kula, ndugu yangu, hapa hakuna wa kukupa.

Ncha za majani zikawa njano. Kisha vitumba vikaanza kudondoka.

Chef akaniita. "Niambie ukweli tu, sitakufukuza. Uliupa mbolea? Kiasi gani?"

Mimi, ninayegeuza panya kuwa tembo, nikajibu: "Kijiko kimoja, chef. Mara moja."

Akashusha pumzi. Kijiko kimoja hakiwezi kufanya hivi, akasema. Basi ni mizizi imeoza. Akaung'oa, akakata mizizi, akaupanda upya. Mizizi niliiona, mingi ilikuwa mizima. Mimi ndiye niliyemshikia chungu. Dawa ya mbolea kupita kiasi ni kuuosha udongo kwa maji mengi, saa nzima. Swali hilo lilikuja kwenye mtihani wetu wa jioni, na nililipata.

Mgunga ukakauka wiki mbili baadaye. Chef alimwambia kila mtu mikono yake imezeeka, aliukata vibaya. Akaacha kazi. Nafasi yake wakanipa mimi.

Siku ya kumuaga niliwavunja watu mbavu kwa hadithi zangu. Yeye akanishika bega.

"Wewe unatia chumvi," akasema, "lakini hudanganyi."

Nikaenda kumletea kahawa, na biskuti moja.