Kamera Haina Mvi

Jumapili, nje ya kanisa letu hapa mtaa wa St Marys, ughaibuni, baba mmoja Mrundi alikuwa anarudisha gari lake jipya nyuma ili afunge karavani ya kuazima, ile nyumba ya magurudumu inayovutwa na gari. Kazi yenyewe ni kuingiza chuma cha nyuma ya gari chini ya mdomo wa karavani, basi. Lakini kwetu gari halirudi nyuma bila wasimamizi. Wazee watatu walikwisha kujipanga, mikono juu.

"Njoo, njoo!"

"Kata kulia!"

"Kushoto! Njoo tu, bado!"

Dereva akakata kulia, akakata kushoto, akaja. Kraa! Bampa likapasuka.

Mkewe, aliyekaa pembeni yake, akagonga kidole kwenye skrini ya kamera ya nyuma. "Baba watoto, si ulikuwa unaona hapa?"

"Nilikuwa naona vizuri sana," akajibu kwa sauti ya chini. "Ilikuwa inanipigia kelele nisimame. Ila mzee alikuwa anasema njoo."

Nje, wazee walikuwa wameinamia bampa, wakitikisa vichwa. "Vijana wa siku hizi," mmoja akasema, "hawajui kuendesha."

Mimi nawalaumu waliotengeneza ile kamera. Wameipa macho, wakaipa na sauti, wakasahau kuitia mvi.