Kipigo Kisicho na Kata

Mtaani walimwita Marehemu, naye aliitika. Kazi yake ilikuwa kufa kwenye tamthilia za runinga. Alikwisha kunyongwa, kugongwa na lori na kulishwa sumu na mke wa mtu, na katika vifo vyote hivyo hakuwahi kufika kipindi cha pili. "Marehemu, umeamkaje?" majirani walimtania asubuhi. "Nimefufuka," aliwajibu, akaenda zake kutafuta kifo kingine.

Mama yake hakucheka. Mara ya kwanza alipomwona mwanawe kwenye runinga akitokwa na povu mdomoni, alipiga yowe hadi majirani wakaja kumpa pole ya msiba. Tangu siku hiyo hakutazama tena. "Siku watakayokuacha hai, niite," alimwambia. "Sikukuzaa ili nikuzike kila wiki."

Kwa hiyo mwandishi wa tamthilia alipomwambia kwamba safari hii angekuwa mwizi, apigwe na raia wenye hasira lakini apone, alazwe hospitalini na azungumze katika vipindi vitatu zaidi, alirudi nyumbani mbio.

"Mama, safari hii napona!"

Mama akatua sufuria chini. "Apa."

Akaapa.

Asubuhi ya kazi walikusanyika kwenye ua wa ghala kuukuu, mahali mafundi walipokuwa wamesimamisha soko la mbao nyembamba. Watu wa kujaza umati waliokotwa pale pale getini, yeyote aliyekuwa na miguu miwili na nafasi. Mmoja wao alikuwa jibaba lenye shati la kijani, shingo nene, lisilocheka na mtu.

Sasa, kazi hiyo ina utaratibu wake. Anayepigwa ndiye anayeongoza pigano. Ngumi inaishia hewani, yeye anatupa kichwa na kuguna. Marungu ni ya sponji iliyopakwa rangi ya mti. Akizidiwa, anapiga ardhi kwa kiganja mara tatu, na wote wanaacha papo hapo. Hiyo ndiyo kinga yake, hana nyingine.

Wakati wa mazoezi, Shati la Kijani alimkanyaga vidole. Marehemu akapiga ardhi mara tatu, watu wakaacha. Lakini mwongozaji, aliyekuwa akitazama picha za kamera kwenye kioo chake kidogo, aliruka kutoka kitini.

"Hicho kiganja! Hicho hicho! Kinanitoa machozi. Tukianza kurekodi, piga ardhi hivyo hivyo mpaka mwisho."

"Mkubwa, hiyo ndiyo ishara ya kuacha."

"Tutatafuta nyingine. Jua linatukimbia, twende kazini."

Haikutafutwa nyingine. Marehemu angeweza kukataa, lakini miaka yote ya kufa kwake hakuna mwongozaji aliyewahi kumsifu, na sifa humlevya asiyeizoea. Akanyamaza. Ukimya huo ulikuwa upumbavu, wala tusiupambe.

"Anza!"

"Mwizi! Mwizi huyo!"

Alikimbia kati ya vibanda kama alivyoelekezwa, akajikwaa kama alivyoelekezwa, umati ukamzunguka. Marungu ya sponji yakashuka mgongoni, hayaumi kitu. Kisha likaja teke la Shati la Kijani. Hilo halikuishia hewani. Lilizama ubavuni, na kitu kikavunjika humo ndani.

"Pikipiki yangu iko wapi?" Shati la Kijani alinguruma.

Maneno hayo hayakuandikwa popote. Jibaba liliibiwa pikipiki kweli, mwizi wake hakuonekana, na sasa limepewa mwingine, tena kwa ruhusa. Likapiga teke la pili, la tatu. Marehemu akapiga ardhi kwa kiganja.

"Safi sana!" mwongozaji alipaza sauti. "Zidisheni!"

Wakazidisha. Hasira inaambukiza kuliko upele. Mmoja alitupa rungu lake la sponji akang'oa ubao wa kibanda, wenye msumari. Mwanamke aliyekuwa akichekacheka muda mfupi kabla alivua kiatu na kumshindilia kisigino kichwani. Damu ikamwingia machoni. Marehemu alipiga ardhi mpaka ngozi ya kiganja ikachubuka, akalia, "Nakufa jamani, nakufa kweli!" Nani amewahi kumsikia mwizi akisema vingine? Alishikwa na hofu ambayo hajawahi kuiigiza, hofu ya mtoto, akamwita mama yake.

Maishani mwake hakuwahi kumpiga mtu. Alikuwa wa kupigwa. Lakini mguu ulipomjia tena usoni aliukamata kwa mikono miwili, akaung'ata hadi akaonja damu isiyo yake. Jibaba likaanguka. Marehemu akampandia kifuani na kumpiga ngumi ya mdomo, kwa nguvu zote, na meno mawili yakatoka.

"Kata! Kata! Kata!"

Neno hilo lilikuwa wapi muda wote huo?

"Nani kakuambia upige?" mwongozaji alifoka. "Wewe ni wa kupigwa!"

"Mwizi kanitoa meno!" Shati la Kijani alilia, akitema damu.

Umati ulikuwa umeisikia kata. Ulijua vizuri kwamba mchezo umesimama. Ulimrudia hivyo hivyo, na sasa ukaja na mawe. Mwongozaji aliinua mkono kuwazuia, akatupia jicho kioo chake, akaushusha taratibu.

"Usizime," alimnong'oneza mpiga picha.

Waliomwokoa ni polisi wawili wa uongo, waigizaji waliokuwa wakingoja zamu yao nyuma ya ukuta. Mmoja kazi yake ya kila siku ni kunyoa nywele. Hawakungoja kuitwa. Walitoka na bunduki zao za mbao, kinyozi akiunguruma, "Wote chini!" Na watu ambao muda huo hawakumwogopa hata Mungu wakaogopa kofia. Walitawanyika kama kuku, Shati la Kijani mbele yao, akichechemea.

Jioni Marehemu alikuwa kitandani nyumbani, mbavu mbili zimevunjika, jicho limefumba, kichwa kimeshonwa. Mama alimkanda jicho kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu. Simu ikaita. Sikio lilikuwa limevimba, ikabidi aiweke kwenye spika.

"Picha ni moto!" alisema mwongozaji. "Ila kuna jambo dogo. Kwa kipigo kile, mtazamaji hataamini kwamba umepona. Tumeamua ufe. Kesho njoo ulale mochwari, huna la kufanya zaidi ya kulala."

"Siji," alisema Marehemu.

"Usipokuja tutamfunika mtu mwingine shuka. Nani atajua?"

Mama akaichukua simu mkononi mwa mwanawe.

"Mwanangu yuko hapa, anahema," alisema. "Shuka lako kamfunike mwanao."

Akaizima simu, akachovya kitambaa kwenye maji na kuendelea kumkanda.