Kilichojificha ndani ya gambuti za Kasimiri

Saa mbili asubuhi, Mgeta. Ukungu bado umeikalia milima ya Uluguru, na Kasimiri Kobelo anapanda miche ya kabichi. Mkono wa kulia unatetemeka. Mche wa kwanza unamponyoka. Wa pili unakaa.

Ana miaka 61. Huu ni mwaka wa nne anaishi na Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaomtetemesha na kuifanya miguu yake igande ghafla.

Kati ya Pasaka na Juni alianguka mara kumi na moja. "Watu walisema nimerudia pombe," anasema. "Mimi nikajua ugonjwa umenizidi. Nikaanza kumgawia mdogo wangu mashamba."

Daktari alipomwelekeza kwa Shadya, mtaalamu wa miguu mjini Morogoro, Kasimiri alicheka. Ugonjwa uko kichwani, nyayo zina nini?

Alikwenda na mkewe, Regina. "Shikamoo baba," Shadya alimwamkia, akamwomba avue gambuti. Kasimiri akakataa.

"Nitazame nikitembea tu, inatosha."

Vidole vyake havikuweza tena kushika wembe, naye aliona haya kumwomba mkewe amkate kucha. Mwaka mzima alioga peke yake na kulala na soksi.

Shadya hakubishana. Alipiga magoti, akavuta gambuti polepole, kisha soksi iliyogandia damu. Regina akapiga ukelele. Kucha ya kidole gumba ilikuwa imejikunja na kuzama nyamani, usaha ukichuruzika.

"Mume wangu! Na tunalala kitanda kimoja!"

"Nilijua kucha zimerefuka," anasimulia Kasimiri. "Lakini usaha sikuujua; muda mrefu sikuwa nimeutazama mguu wangu mwenyewe."

Kisha Shadya akageuza gambuti. Soli ilikuwa imelika mbele tu, ishara kwamba anatembelea vidole, na gambuti zenyewe zilimzidi kwa namba mbili. Alizichagua kwa kuwa ni rahisi kuvaa.

"Baba, ugonjwa upo, sikufichi," alimwambia. "Lakini mara nyingine unaangushwa na hizi."

Alikata kucha, akasafisha kidonda, akamwagiza atafute gambuti zinazomtosha, akamfundisha kutanguliza kisigino huku akihesabu hatua kwa sauti. Wiki saba zimepita. Ameanguka mara moja.

Regina alimnunia siku mbili. Sasa humkata kucha kila Jumapili baada ya misa, na hataki msaidizi.

Kasimiri anainuka, anahesabu hatua, anapanda juu ya tuta.

"Shamba la bondeni mdogo wangu ameshalichukua, silidai," anasema. "Lakini hili la juu mwambieni asiliguse. Mvua za vuli zikishika, napanda njegere mwenyewe."