Tangazo la Arobaini Lililonipeleka Koboko

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa sketi ya shule, kwa sababu sikuwa na nyingine nzuri. Baba na Mama walikuwa wamefariki, nami nilikuwa mkubwa wa watoto wanne. Gazeti la wiki aliloanzisha Baba hapa Arua, katika chumba cha mbele cha nyumba yetu ya mtaa wa Mvara, lilibaki kwa baba mdogo, ambaye kazini tulimwita Mhariri. Aliniahidi jambo moja: nikipanga herufi, wadogo zangu watasoma.

Kupanga herufi kulikuwa kuokota vipande vya chuma kimoja kimoja na kuvifunga ndani ya fremu. Vilisomeka kinyume, kama maandishi kwenye kioo. Kwa hiyo kabla ya kuchapa tulitoa prufu, karatasi moja ya kukagua makosa. Fremu ya matangazo ya msiba ilikaa tayari wakati wote. Tulibadilisha majina mawili tu, la marehemu juu, la mwenye kualika chini.

Alhamisi moja gari la kupeleka magazeti Koboko, mji wa mpakani, lilikuwa likipiga honi mlangoni, nami sikutoa prufu. Mzee Kassim, askari mstaafu wa huko, alikuwa akialika watu kwenye arobaini ya kaka yake, Juma. Nikaweka Kassim juu, Juma chini.

Jumamosi Mhariri aliniita. "Koboko wanamlilia mtu aliye hai! Wasomaji wa kule wakituacha, gazeti limekwisha, na shule ya wadogo zako imekwisha. Nenda mwenyewe."

Nilikuta ua umejaa. Wanawake walikuja na unga wa muhogo na kuku, wengine kutoka ng'ambo, Kongo. Mzee Kassim alikaa katikati yao. Nikapiga magoti.

"Mzee, ni mimi nilikosea."

"Ni wewe iliniua? Mutoto kidogo hivi? Bunduki zote zilishindwa, wewe na karatasi umeweza?"

Watu wakacheka. Mimi nililia, nikamweleza habari za wadogo zangu.

"Simama," akasema. "Arobaini ya ndugu yangu, watu ingekuja kumi. Sasa angalia. Hata shemeji hii, miaka mingi hasalimii mimi, ameleta mbuzi."

"Nimelia bure," shemeji akajibu. "Mbuzi narudisha nyumbani."

"Mbuzi inabaki! Juma amekufa kweli." Kisha akanigeukia. "Ambia mukubwa yako aandike: Kassim iko, anakula. Na gazeti ya Koboko aongeze."

Nilirudi Arua nikipumua vizuri.

Baadaye ilikuja kompyuta, nami nikawa Mhariri. Vijana mnaoanza kazi hii, acheni gari lipige honi. Mimi kila prufu niliisoma kwa sauti, mwenzangu akifuata kwa kidole.

Siku niliyostaafu, ndipo wadogo zangu waliposikia habari hii. Kitinda mimba, ambaye sasa ni muuguzi, aliweka sahani chini.

"Dada, kwa nini hukutuambia?"

"Jumatatu iliyofuata mlikuwa na mtihani," nikamjibu.